Kabla ya kamera kulikuwa na kipande

Leo naweka kando msimbo na maunzi, tuzame kidogo kwenye historia. Mjadala wa kamera zinazotambua sura umezunguka nchini kwa miaka kadhaa sasa, na kila unapozuka watu hugawanyika pande mbili zile zile. Wa kwanza husema, "kama huna hatia unaogopa nini?" Wa pili husema serikali inataka kutuchungulia mpaka chumbani. Wote wawili huzungumza kana kwamba jambo lenyewe lilianza siku kamera ya kwanza ilipofungwa kwenye mlingoti. Halikuanzia hapo. Sisi wa Kisumu na ufuo huu wa Ziwa tulilibishania zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena hadharani mbele ya gavana, wakati ambapo tarakilishi haikuwa hata ndoto.

Kilichobishaniwa kiliitwa kipande. Wengi wetu bado tunatumia neno hilo kwa maana ya kitambulisho bila kujua lilikotoka. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake, kwao ni wapi, alama zake za vidole, na orodha ya waajiri wake wote pamoja na mshahara aliolipwa na kila mmoja. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma, na kikopo kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Kule kwa Wakikuyu walikiita kengele ya mbuzi, jina ambalo halihitaji maelezo. Ukikamatwa bila kipande ni faini au jela.

Sasa tazama kazi yake hasa ilikuwa nini, maana hapo ndipo penye somo kwa watu wa fani yetu. Serikali ilisema kipande kinalinda pande zote: mfanyakazi ana ushahidi wa mshahara wake, mwajiri anajua anaajiri nani, na mhalifu anapatikana. Si uongo mtupu. Lakini mwajiri ndiye aliyesaini kwamba umeruhusiwa kuondoka, na bila saini hiyo hakuna mwajiri mwingine aliyetakiwa kukuchukua. Ukitoroka shamba la mlowezi kwa sababu ya viboko au mshahara duni, kosa lako lilikuwa la jinai, na karatasi iliyokuwa shingoni mwako ilijua kijiji chako. Mlowezi angeweza kumwandikia ofisa wa wilaya, naye akatuma askari kwa chifu wako. Tangu reli ilipofika Kisumu Desemba 1901 (wakati huo mji ukiitwa Port Florence) vijana wa Nyanza walikuwa wakipanda treni kwenda kufanya kazi kwenye mashamba, Nairobi na hata bandarini Mombasa. Kwa hiyo kipande kiliwagusa watu wa ufuo huu moja kwa moja.

Nataka tusimame hapa kwenye alama za vidole, kwa sababu ndani yake kuna kitu kizuri sana cha kihandisi ambacho nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta hakuna aliyenitajia.

Kulinganisha alama za mtu mmoja na karatasi yake ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni ile ya pili: mtu ametupa kipande chake, amejipa jina jipya, amekuja kuomba kipande kingine. Utamjuaje? Inabidi utafute vidole vyake katikati ya mafaili laki kadhaa yaliyoko Nairobi, bila umeme wala diski. Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana India katika miaka ya 1890. Mfumo huo unabeba jina la Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, lakini hesabu zake zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Calcutta ilifungua ofisi yake ya alama za vidole 1897, Scotland Yard ikafuata 1901, kisha mfumo ukaenea katika himaya.

Unafanya kazi hivi. Michoro ya vidole huwa ya aina tatu kuu: matao, vitanzi na mizunguko. Henry alijali swali moja tu kwanza: kidole hiki kina mzunguko au hakina? Ndiyo au hapana. Moja au sufuri! Vidole huhesabiwa kuanzia gumba la kulia (1) mpaka kidole kidogo cha kushoto (10). Kidole cha 1 na cha 2 vina thamani ya 16, cha 3 na cha 4 vina 8, cha 5 na cha 6 vina 4, cha 7 na cha 8 vina 2, cha 9 na cha 10 vina 1. Jumlisha thamani za vidole vya namba shufwa vyenye mizunguko, ongeza 1, andika juu. Fanya hivyo kwa namba witiri, andika chini. Mtu mwenye mizunguko kwenye kidole cha 2 na cha 6 peke yake anapata 21 juu ya 1. Vidole kumi, kila kimoja ndiyo au hapana, ni biti 10, yaani vikapu 1,024. Karani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati lenye namba hiyo na kuanza kulinganisha faili chache zilizomo badala ya laki zote.

Wale mliowahi kuandika jedwali la heshi mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo hilo hilo, limetengenezwa kwa mbao na karatasi, na kazi yake katika nchi yetu ilikuwa kumfanya mtu asiweze kutoroka jina lake.

Basi Desemba 1921 watu walikutana Lundha, huko Gem. Wengi wao walikuwa wasomi vijana wa shule za misheni, na walimu waliongoza. Mkutano ule ulizaa chama cha Young Kavirondo Association, mwenyekiti akiwa Jonathan Okwiri na katibu Benjamin Owuor Gumba. Wananchi waliuita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jina hilo ni la ujanja wa hali ya juu: hakuna kiongozi wa kukamata, kwani aliyesema ni nchi. Madai yao yalikuwa mengi. Kodi ya kibanda ishushwe, kazi ya lazima ikome, watu wapewe hati za mashamba, Kenya irudishwe kuwa nchi lindwa badala ya koloni, na kipande kiondolewe.

Nairobi mambo yaliharibika. Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande na kodi hiyo hiyo, alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kumdai. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Huku kwetu serikali iliona afadhali izungumze. Julai 1922 Gavana Edward Northey alikuja kukutana na watu Nyahera, kilomita chache kutoka Kisumu mjini. Kodi ilipunguzwa. Kipande kilibaki. Mwaka uliofuata Archdeacon Walter Owen wa kanisa la Anglikana akakigeuza chama kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, chenye maneno ya upole zaidi.

Kipande kiliendelea kwa miaka mingine 25. Lakini namna kilivyokufa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini haitajwi kwenye mijadala ya sura.

Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Usawa, si ndiyo? Walowezi waliposikia kwamba na wao watapakwa wino vidoleni, walikuja juu. Alama za vidole ni za wahalifu, walisema, ni fedheha, ni kuingilia uhuru wa mtu. Hoja zile zile za Lundha, zikitoka sasa vinywani mwa watu waliofaidika na kipande kwa miongo mitatu! Serikali ikamleta Sir Bertrand Glancy kuchunguza, na suluhu iliyopatikana ikawa hii: anayeweza kujaza fomu mwenyewe kwa Kiingereza na kuweka saini anaweza kusamehewa alama za vidole, alete picha zake badala yake.

Soma tena. Wakati ule uso ndio uliokuwa heshima. Picha ilikuwa ya mtu anayeaminika, vidole vya mtu anayeshukiwa. Na sababu ni ya kiufundi tu: picha haikuweza kutafutwa. Hakukuwa na Henry wa nyuso. Picha ilimsaidia karani aliyekutazama uso kwa uso, lakini hakuna kabati la vikapu 1,024 ambalo lingeweza kuipokea. Mlowezi alipotoa picha alikuwa ametoa kitu ambacho serikali haikuweza kukitumia kumsaka. (Wanawake Waafrika, kwa taarifa yenu, hawakuingizwa kwenye usajili wa vitambulisho mpaka sheria iliporekebishwa 1978.)

Kinga hiyo ya picha imekwisha, na haikuondolewa na bunge lolote. Iliondolewa na hesabu. Woodrow Bledsoe alianza kujaribu huko Marekani mwaka 1964, akipima kwa mkono umbali kati ya macho, pua na mdomo. Takeo Kanade wa Japani akaandika mfumo wa kujiendesha 1973. Mwaka 1991 Turk na Pentland wakaonyesha kwamba uso waweza kuwakilishwa kama mchanganyiko wa sura chache za msingi. Kisha 2014 na 2015 mitandao ya neva ikamaliza kazi. Programu ya leo huchukua picha yako na kuigeuza orodha ya namba, kwa mfano 128, na nyuso mbili zikiwa na orodha zinazokaribiana inasema ni mtu mmoja. Ile picha ya pasipoti uliyopiga studio miaka kumi iliyopita sasa ina kikapu chake kwenye kabati. Wewe hukuulizwa.

Ila kuna tofauti moja kubwa kati ya karani wa Henry na programu hii. Mwisho wa kazi karani alikuwa anatazama mistari na kusema ni yeye au siye. Programu haisemi hivyo. Inatoa umbali, na mtu fulani, mara nyingi kijana wa rika langu aliyekaa mbele ya kioo, ndiye anayeamua umbali gani unatosha. Ukilegeza kizingiti unakamata wahalifu wengi na wasio na hatia wengi. Ukikikaza, wote wanapita. Wanasiasa wanapozungumzia mizani kati ya usalama na faragha huwa nafikiria ile namba moja ndani ya faili la mipangilio ambayo hakuna mbunge aliyewahi kuiona.

Tupige hesabu. Tuseme kamera imewekwa stendi ya mabasi ya Kisumu na watu 30,000 wanapita kwa siku (namba nimeibuni ili tuhesabu tu). Tuseme mfumo ni mzuri, na uwezekano wa mpita njia kufananishwa kimakosa na mtu aliye kwenye orodha ya wanaosakwa ni 1 kwa 1,000. Na tuseme siku hiyo mhalifu mmoja wa kweli anapita na anakamatwa. Kengele italia mara 31 hivi. Mara 30 kati ya hizo askari wanamvamia mama anayekwenda kuuza omena.

Na huenda hesabu hiyo inatupendelea. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima algoridhimu 189 za watengenezaji 99. Kwa algoridhimu nyingi, makosa ya kumfananisha mtu na mtu mwingine yalitofautiana kati ya jamii na jamii kwa mara 10 mpaka 100, na waliokosewa zaidi walikuwa watu wa Afrika Magharibi, Asia Mashariki na, ndugu zangu, Afrika Mashariki. Si watu weusi kwa jumla tu, imeandikwa sisi. Kilichonivutia ni kwamba baadhi ya algoridhimu zilizotengenezwa China hazikuwa na tatizo hilo kwa nyuso za Asia Mashariki. Hii inaashiria kwamba ngozi haina kosa, na kwamba lawama ni ya picha zilizotumika kuifundisha programu. Algoridhimu bora kabisa zilikuwa na tofauti ndogo. Je, zabuni zetu hununua zilizo bora kabisa? Jibu unalo.

Sitaki kujifanya kwamba hoja ya usalama ni hewa. Westgate ilikuwa Septemba 2013. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 ya mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi, kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa, vifaa vikitoka Huawei. Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Aliyezika mtoto wake Garissa ukimweleza habari za kizingiti na orodha ya namba 128 atakutazama tu. Namwelewa. Swali langu kwake ni je, mashambulizi hayo yalifaulu kwa sababu sura hazikutambuliwa? Garissa, kwa mfano, kulikuwa na tahadhari zilizotolewa mapema, na kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika.

Baadaye ikaja Huduma Namba. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalitaja alama za vidole, mboni za macho, sauti, DNA na hata umbo la ndewe za masikio. Nubian Rights Forum na mashirika mengine ya haki za binadamu wakaenda mahakamani. Wanubi wapo hapa kwetu pia, Kibos, na wanajua fika maana ya kuhojiwa mara mbili tatu ili upewe kitambulisho ambacho jirani yako anakipata kwa fomu moja. Usajili ulifungwa Mei 2019, watu zaidi ya milioni 35 wakiwa wameandikishwa. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba mwaka huo. Yaani data kwanza, sheria baadaye! Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikasema DNA na mahali unapoishi kwa GPS havitakusanywa, na mfumo uliobaki usiendelee bila kanuni kamili. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa data haikufanywa kwanza. Tukahamia Maisha Namba, na kesi nazo zikahamia huko.

Sasa nirudi mjini kwetu, maana Kisumu ina swali lake ambalo Nairobi haliulizi kwa sauti hiyo hiyo. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia usiku katika nyumba za Nyalenda na mtoto wa miezi 6 akapigwa, akafa siku chache baadaye. Kesi ya Baby Pendo mnaijua. Februari 2019 hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo hicho hapa Kisumu aliona polisi wana lawama, lakini ilichukua mpaka 2022 mashtaka kuidhinishwa, na kwa miaka hiyo yote shida moja ilikuwa ile ile: ni afisa yupi hasa? Wale walioingia hawakuonyesha namba zao. Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana, Mahakama Kuu ililazimika kutoa amri kwamba polisi wanaosimamia maandamano wasifiche sura wala utambulisho wao.

Ndiyo maana kijana wa Kondele ukimwambia kamera itamlinda anacheka. Anaona teknolojia inayojua sura yake na haijui sura ya aliyeshika rungu. Kipande nacho kilikuwa hivyo: shingo ya mfanyakazi ilikuwa na karatasi, ya mlowezi haikuwa na kitu.

Msimamo wangu, kwa kuwa blogu hii si ya kukaa juu ya ua: sura ya kufungulia rununu yako mwenyewe, au kuthibitisha benki kwamba wewe ndiwe mwenye akaunti, sina ugomvi nayo. Hapo unalinganishwa na wewe mwenyewe, na umekubali. Kamera ya kawaida ambayo polisi wanaomba picha zake baada ya tukio, kwa kibali cha mahakama, pia sawa. Ninachokataa ni kamera inayotafuta kila mpita njia ndani ya kabati zima la taifa, saa zote, na kizingiti kimewekwa na mtu asiyejulikana. Atakayetaka hilo atuonyeshe kwanza mfumo umepimwa kwa nyuso za hapa, atuambie makosa yake kwa namba, na aanze na kamera zinazoonyesha namba za maafisa.

Kwa wanaotaka kufanya jambo leo: Sheria ya Kulinda Data inakupa haki ya kuuliza taasisi yoyote ina data gani yako, na kudai isahihishwe au ifutwe. Ukinyimwa, unalalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Si sheria ya maonyesho. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliiamuru Worldcoin ifute data za mboni ilizokusanya kwa Wakenya. Barua ya kuomba data yako haina fomu ngumu: jina, namba ya kitambulisho, na swali. Mimi yangu nimeiuliza hivi: picha yangu ya usajili inatumika kwenye mfumo gani wa kutafuta sura, na tangu lini.